Aliniita Mara Tatu

Jumatatu, 3 Machi

Pampu ya pili inavuja tena. Nimebadilisha sili, nimekaza nati, nimejipaka grisi hadi kwenye nyusi. Nozeli sita zilikuwa zimeziba kwa chokaa — nimezizibua kwa sindano ya kushonea, moja moja. Halafu magari yakaanza kupanga foleni ya kuoshwa. Mvua ya juzi! Kila mtu kaja na matope yake.

Meneja kanisifu mbele ya mteja. Eti huyu mama anaweka kiganja tu juu ya mota, anajua beringi gani inakufa. Mteja kashangaa kweli.

Zamani sikuwa nagusa. Nilikuwa nasikiliza. Beringi mbovu hulia kama kuku aliyekabwa shingo, unaisikia hata ukiwa getini. Siku hizi hailii. Au inalia, ila si kwangu.

Sikio la kushoto lilikufa mwaka juzi. La kulia linafuata, polepole. Miaka kumi na tisa kando ya feni za kukaushia — ungetegemea nini? Sijamwambia mtu. Muuguzi alipokuja kutupima masikio mwaka jana, nilikiona kidole chake kwenye kioo cha kabati kila kilipobonyeza kitufe. Nikawa nainua mkono. Nimefaulu! Nina cheti. Nilicheka njia nzima kurudi nyumbani, kama mwizi.

Jumatano, 5 Machi

Binti yangu haniiti tena kutoka jikoni. Anakuja hadi mbele yangu, ananigusa bega, ndipo anasema. Hajaniuliza lolote. Nami sijamwambia.

Ijumaa, 7 Machi

Niandike tu.

Saa nne asubuhi lori dogo liliingia na turubai limefungwa ovyo. Kamba ya turubai ikanaswa na brashi ya pembeni, mtambo ukajizima wenyewe. Tukaliondoa lori. Shemeji, mume wa mdogo wangu, akaingia kukata kamba iliyobaki. Kazi hii nilimtafutia mimi. Yeye hupiga maji kwenye magurudumu kabla gari halijaingia, mimi niko kibandani na vitufe vyangu. Ananiita Rubani. "Rubani, tupaishe!" Kila asubuhi, na kila asubuhi nacheka, hata nisipoisikia, maana naijua.

Utaratibu ni huu: akimaliza, anatoka, anapaza sauti "Tayari!" Mimi najibu, ndipo nawasha.

Kioo cha kibanda kilikuwa povu tupu. Sikumwona. Na hiyo "Tayari" — siisikii tangu lini! Huwa nakisia. Nahesabu moyoni, naona muda umetosha, nawasha. Sijawahi kukosea.

Nikakisia. Nikawasha.

King'ora cha onyo hulia sekunde kumi kabla brashi hazijaanza kuzunguka. Glavu yake ilikuwa imenaswa kwenye kamba. Katika sekunde hizo aliniita mara tatu — zima, zima, zima! Haya nimeyajua baadaye. Mimi nilikuwa natazama saa ya presha, presha ilikuwa nzuri.

Nyayo ndizo zilizoniambia. Sakafu ilitetemeka vibaya, mtetemo ambao siujui. Nikapiga kitufe chekundu kwa ngumi.

Mkono wake wa kulia. Mifupa miwili, na bega limetoka. Alikuwa amekaa kwenye povu, mdomo wazi. Nadhani alikuwa anapiga kelele.

Jumamosi, 8 Machi

Hospitali. Wamemfunga hadi shingoni. Amelala, uso umekuwa wa kijivu. Mdogo wangu alikuwa upande wa pili wa kitanda, hakunikaribisha kiti. Nilisimama na mfuko wangu wa machungwa kama mgeni.

Jumapili, 9 Machi

Sikula. Sikutoka.

Jumatatu, 10 Machi

Meneja kaniita ofisini, kafunga mlango. Bahati nzuri hunitazama usoni anapoongea, na ana midomo minene, rahisi kufuata. Mkaguzi wa usalama kazini anakuja Alhamisi. Jambo lenyewe ni jepesi, anasema. Mgonjwa anadai aliita. Wewe ulisikia?

Nikasema sikusikia.

Akafungua faili, akanionyesha cheti changu cha masikio. Masikio yako ni mazima, haya hapa. Kwa hiyo kama hukusikia, basi hakuita. Alikiuka utaratibu, alijitakia mwenyewe. Bima haitamlipa, na kazi hana. Wewe unabaki pale ulipo.

Kisha akanipigapiga mgongoni, taratibu, kama mtu anayemtuliza ng'ombe.

Nilirudi kwenye mtambo. Nimesafisha jicho la sensa linalotambua gari, nimemwaga tope la shimo la chujio, nimetoa nyuzi za turubai kwenye brashi kwa kisu. Glavu yake ilikuwa bado imo. Nimeiosha, nimeianika juu ya bomba. Sijui nilikuwa nafikiria nini.

Jumanne, 11 Machi

Mdogo wangu kaja nyumbani. Hakuvua viatu, hakukaa. Nilimgeuzia sikio la kulia na nikamkazia macho, nikapata karibu yote.

"Dada, alikuita mara tatu. Ulitia pamba masikioni?"

"Sikumsikia, mdogo wangu."

"Mlangoni tu pa kibanda chako? Mtu anayelia roho yake?"

"Wallahi sikumsikia."

"Basi unasema mume wangu mwongo."

"Sijasema hivyo."

"Umesema nini sasa?"

Hapo ndipo pa kusema. Neno moja tu! Mimi niliyemfundisha kufunga kamba za viatu, niliyembeba mgongoni. Nikamvutia kiti badala yake. Nikiwa siyo Rubani, mimi nani? Mama wa miaka hamsini anayejua brashi na pampu. Nani atampa kibanda mtu asiyesikia?

Akageuka, akasema kitu akiwa amenipa mgongo. Sijui alisema nini. Binti yangu alisikia, alikuwa amesimama na sahani mkononi. Nilimuuliza. Akasema, hapana mama, si kitu.

Nimeona macho yake. Ni kitu.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeamka nimepiga moyo konde. Leo nasema. Nimejikaza kisabuni, nimevaa ovaroli safi, nimekuja na daftari hili mfukoni ili nisijidanganye baadaye.

Mkaguzi ni mtu mzima, mpole, ana masharubu ya kufunika mdomo wote. Kama pazia! Tangu aliposhuka kwenye gari sikupata hata neno moja. Natikisa kichwa anapotikisa.

Wameamua kuigiza tukio. Shemeji kaletwa, mkono kifuani kwenye plasta, mdogo wangu kamshika kiwiko. Akasimamishwa palepale kwenye brashi. Brashi zimezimwa, feni na pampu zinafanya kazi, king'ora kimewashwa. Mimi kibandani kwenye kiti changu, kioo safi safari hii. Mkaguzi kando yangu, upande wa kushoto. Meneja nyuma.

Shemeji akafungua mdomo. Nikaona mishipa ya shingo ikisimama. Mara moja. Mara ya pili. Ya tatu akafumba macho kwa maumivu.

Nilisikia mvumo tu, kama maji yanayopita chini ya sakafu.

Mkaguzi akanigeukia. Masharubu yakacheza. Akasubiri.

Ningeweza kusema: mzee, rudia. Ningeweza kusema: mzee, mimi ni kiziwi.

Nikasema, "Ndiyo."

Akaandika. Akauliza kingine, kifupi. Nikasema ndiyo tena. Meneja akatazama viatu vyake. Mdogo wangu akashika mdomo kwa viganja viwili. Na shemeji, kule kwenye brashi, akawa ananitazama tu, ananitazama.

Sijui nimekubali nini. Kwamba aliita? Kwamba hakuita? Kwamba nilisikia nikawasha hivyo hivyo?

Wametoka nje kupima umbali na kupiga picha. Niko stoo, nimekaa juu ya dumu la shampuu, naandika. Wakirudi nitamuuliza mkaguzi alichoniuliza. Nitamwomba aniandikie. Mbele ya watu wote.

Mlango nimeuacha wazi na sibandui macho hapo. Wakiniita wakiwa nje, sitajua.