Jiwe la Mzee Gwandu

Babati mjini,
Jumatatu asubuhi

Mdogo wangu Elieza,

Kosa tunalofanya wengi tunaopewa kuongoza kanisa ni kudhani kwamba mtu akiacha kuja ibadani amemwacha Mungu. Mara nyingi Mungu hajaachwa. Tulioachwa ni sisi. Nimelitanguliza hili kabla ya salamu kwa sababu barua yako imenishtua, na niliogopa kwamba nikianza na habari za mvua nitafika mwisho wa karatasi sijasema neno. Unanijua.

Sasa salamu. Mama anaendeleaje na mguu wake? Mwambie dawa ile ya kuchua ni ya kuchua, asiinywe tena. Watoto wanasoma? Migomba imepona upepo? Sisi huku tu wazima. Sabuni hatujaiona tangu kabla ya mavuno ya mwaka jana, kwa hiyo mke wangu anafua kanzu yangu kwa majani ya mpapai, nayo imepata rangi ambayo haimo katika kalenda ya kanisa. Sukari tunaisikia redioni. Karatasi hii ni mgongo wa fomu ya zamani ya ubatizo. Ukigeuza ukakuta jina la mtoto usiyemjua, usiite ukoo, si wetu.

Unaniandikia kwamba tangu ulipochaguliwa mzee wa kanisa, Baba Mdogo Zakayo hajakanyaga ibadani, sasa ni miezi miwili, na kwamba Jumapili hii utapeleka jina lake barazani atengwe na ushirika. Elieza, huyo ndiye aliyetulea baba alipofariki. Ndiye aliyetufundisha kusoma kwa kutuandikia herufi kwenye majivu ya jiko. Kwa umri wake, akitengwa sasa anaweza kufa kabla hajarudi mezani pa Bwana. Kwa hiyo kaa chini usikie yaliyonipata mimi, ambaye nilikuwa katika kazi hii wewe ukiwa bado unaogopa kupita makaburini.

Hapa mjini tuna duka la ushirika. Likisikika kwamba lori la sukari liko njiani, watu hupanga foleni, lakini mkulima hawezi kusimama dukani siku tatu akisubiri lori ambalo labda halina petroli. Basi huweka jiwe. Jiwe lako likiwa kwenye mstari, ni wewe uko kwenye mstari, na kila mtu analijua la mwenzake. Wengine huweka kopo, wengine kandambili iliyokatika. Nimemwona kwa macho yangu mama mmoja akiligombeza jiwe la jirani yake kwamba limemsukuma, na jirani mwenyewe yuko shambani Singe anapalilia mahindi.

Sasa, mlango wa kanisa letu ulikatika komeo, na komeo madukani hakuna. Upepo ukivuma unagonga kama mtu anayedai kuingia. Ijumaa moja nikipita karibu na duka la ushirika niliona jiwe zuri, pana, la bapa, limekaa peke yake kando ya njia. Mstari wa mawe ulikuwa hatua mbili kutoka pale. Nikasema moyoni, Bwana ametoa. Nikalifunga kwenye keria ya baiskeli, nikalipeleka kanisani, likazuia mlango vizuri ajabu. Jumapili nilimshukuru Mungu hadharani kwa ajili yake.

Jumapili hiyohiyo Mzee Gwandu alifika mlangoni, akatazama chini, akageuka, akaenda zake. Mzee Gwandu ni Mwiraqw aliyeshuka kutoka Mbulu kabla yangu, na ndiye aliyekuwa akigonga ile rimu ya lori tunayoitumia kama kengele. Mtu wa maneno machache. Tangu siku ile hakuja tena. Kengele aligonga kila aliyetaka, na watu wa Nangara wakawa wanafika ibada imekwisha.

Nikafanya yote unayotaka kuyafanya wewe. Nilituma wazee watatu wakamwonye. Walirudi jioni, kila mmoja na boga chini ya kwapa.

"Amesemaje?" nikauliza.

"Ametukaribisha vizuri sana, Mchungaji."

"Kuhusu ibada?"

"Ametupa na maziwa."

Nikaona nimhubirie kwa mbali. Jumapili moja nikahubiri kondoo aliyepotea, iliyofuata mwana mpotevu, iliyofuata mtini usiozaa matunda, na kila mara nikawa natazama upande anaokaa mke wake, Mama Rehema, ili afikishe ujumbe. Baadaye nilijua kwamba aliufikisha. Alikuwa akirudi nyumbani, anaweka Biblia mezani, anamwambia mumewe: "Juma lililopita ulikuwa mwana mpotevu. Leo umekuwa mtini, na kuna shoka."

Juma la sita nikaenda mwenyewe, nimebeba karatasi ya kumtenga mfukoni kama wewe ulivyobeba yako. Nilimkuta anachonga mpini. Nikaomba tusali, nikasali sana. Nilimkabidhi kwa Mungu udhaifu wake wote, na ule nisiokuwa na hakika nao. Niliposema amina, akasema amina, akaendelea kuchonga.

"Mzee Gwandu," nikamwambia, "wiki sita hatukuoni kanisani."

"Nipo."

"Uko wapi?"

"Niko kanisani kila Jumapili. Nashika mlango."

Nikamtazama mke wake. Mama Rehema alikuwa ameziba mdomo kwa kanga, na mabega yanatikisika.

"Mchungaji," mzee akasema polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto hesabu, "pale dukani lile jiwe lilikuwa mimi au halikuwa mimi?"

"Jiwe lipi?"

"Lile ulilokaribia kuliwekea sadaka."

Elieza, nilihisi ile karatasi ya kumtenga inaniunguza mfukoni. Nikauliza kwa sauti ndogo kwa nini basi lilikuwa nje ya mstari. Mama Rehema ndiye aliyejibu. "Kulikuja mama mjamzito, ana kopo lake. Huyu baba akasogeza jiwe lake kando, kopo likae mbele. Akasema watu wote wanalijua, halina shida."

Kumbe sukari ile haikuwa ya uroho. Jumamosi ya juma lile walikuwa wanakuja watu wa Bonga kumposa Rehema, binti yao. Lori la sukari likaja Jumamosi asubuhi, Mzee Gwandu akakimbia dukani, akakuta jiwe halipo, na watu wa nyuma wakamwambia, kwa haki kabisa, kwamba hana nafasi. Wageni tayari wako njiani. Akaenda kwa jirani akaomba sukari guru, ile nyeusi ya miwa. Nawe unajua sukari guru siku hizi wanainunua akina nani na kwa kazi gani. Chai ikatoka na rangi ya tope na harufu ya pombe ya moshi. Wakwe wakanusa, wakatazamana, wakanywa kama watu wanaokunywa dawa. Baba wa mvulana akauliza kwa adabu, "Hapa mnatengeneza wenyewe?" Wakaaga mapema. Hawakurudi, wala hawakuleta jibu. Binti alikuwa anaulizwa kisimani lini baba yake atafungua kilabu.

Kesho yake, ndiyo Jumapili, mtu huyo anakuja kumlilia Mungu wake na analikuta jiwe lake mlangoni, na ndani anamsikia mchungaji akimshukuru Bwana kwa kulitoa.

"Kwa nini hukuniambia?" nikauliza.

"Ulituma watu watatu kuniambia. Hakuna aliyetumwa kuniuliza."

Nimesoma chuo cha theolojia miaka mitano, mdogo wangu, na neno hilo hawakutufundisha.

Nikaomba radhi. Akanipa boga. Lakini radhi ya uani haikutosha, maana aibu ilikuwa Bonga. Siku ya pili nikalifunga jiwe kwenye keria, nikaelekea huko. Pancha mbili njiani, na gundi hakuna, nikazikaza kwa uzi. Sehemu kubwa ya safari baiskeli niliisukuma mimi. Nilifika nimelowa jasho, kanzu yangu ya rangi ya mpapai imejaa vumbi. Nikamkuta baba wa mvulana na mama yake mzazi, bibi mmoja mkali aliyekuwa anapepeta maharage.

"Nimekuja kuungama," nikasema.

"Kwetu?" bibi akauliza. "Si kawaida sisi ndio tunaokuja kwako?"

Nikasimulia yote, foleni, mlango, chai. Baba wa mvulana alisikiliza kwa uso wa hakimu. Nilipomaliza akasema, "Maneno ni maneno, Mchungaji. Jiwe lenyewe liko wapi?"

Nikalifungua nikaliweka miguuni pake. Akaliinua, akalipima mkononi, akaligeuza.

"Hili ni zuri kweli," akasema. "Hata mimi ningeliiba."

"Mimi sikuiba, nilidhani..."

"Aa, baba, umekuja kuungama, usianze kujitetea!" bibi akanikatiza. Kisha akamgeukia mwanawe. "Nilikwambia hawa ni watu wema. Mtu aliyesogeza jiwe lake kumpisha mjamzito, ndugu mwingine kama huyo wa kuoana naye utampata wapi? Wewe ukashika harufu tu."

Posa imejibiwa. Ndoa nitaifungisha mwenyewe baada ya mavuno, chai itakuwa ya asali, na Mzee Gwandu amerudi kwenye kengele. Watu wa Nangara wanafika kwa wakati. Mlango nimeufunga kwa kamba. Jumapili niliyosimama kuungama mbele ya usharika wote, walicheka mpaka kwaya ikashindwa kuanza wimbo, na tangu hapo nikipita karibu na duka la ushirika kuna akina mama wanaokalia mawe yao.

Sasa nakurudia wewe. Mimi sijui umemkosea nini Baba Mdogo. Huenda hujamkosea kitu. Lakini hesabu hii ni nyepesi: amekuja ibadani miaka arobaini bila kukosa, ameacha juma ulilochaguliwa wewe. Je, ulikwenda kumwambia kwamba umechaguliwa, au alisikia kwenye matangazo pamoja na watu wa ng'ambo ya mto? Ulipomtumia wajumbe, uliwatuma na swali au na onyo? Sikulaumu. Cheo kipya ni kama kiatu kipya, kinamfanya mtu atembee akitazama miguu yake. Mimi kiatu changu kimezeeka na bado nilimhubiria Mzee Gwandu mtini na shoka.

Barua hii nampa dereva wa lori la mbaazi anayepitia Same. Ameahidi kuikabidhi mkononi mwako siku ya Alhamisi. Nisalimie Mama, mwenye mguu; shemeji yangu, mkeo, ambaye najua ataisoma barua hii kabla yako; dada yetu Naomi mwenye kwaya; na mchungaji wenu, umwambie namwomba karatasi ya Baba Mdogo aikalie kwanza. Mke wangu anakusalimu, anasema kama huko kuna sabuni hata kipande, asiyeleta asije.

Ni mimi kaka yako, Yoeli, mwenye fomu nyingi za ubatizo na hakuna sukari.

Leo ukimaliza kusoma, usipitie kwa mzee mwingine yeyote wa kanisa. Nenda kwa Baba Mdogo peke yako, mwamkie, muulize umemkosea nini, kisha nyamaza mpaka amalize.