Nani Atatia Chumvi Nikiondoka?

Shangazi wa gazetini, nakusalimu kwa heshima, nakuita shangazi kama wanavyokuita wengine wote ingawa huenda mimi ndiye mkubwa, maana nina wajukuu wanaojifunga vilemba wenyewe, lakini leo sina wa kumwuliza na kichwa kimenivurugika, hivyo naomba unisaidie kama unavyowasaidia wale wanaogombana na wakwe zao. Mimi sigombani na mtu. Ndiyo shida yenyewe, hakuna ninayegombana naye na bado mambo yameharibika.

Mimi ndiye msimamizi wa jiko la langar, yaani chakula cha bure cha watu wote, kwenye gurdwara, hekalu letu sisi Masingasinga, ya kijiji chetu, upande wa Mansa, na jiko hilo nililipokea kwa mama mkwe wangu, naye alilipokea kwa mama mkwe wake, na kazi zote pale ni za kujitolea, hakuna anayelipwa, anayekanda unga anakanda, anayemenya vitunguu anamenya, na anayekuja na njaa anakaa chini mkekani anakula, awe tajiri awe mpita njia. Sasa goti langu la kulia limekwisha, kuchuchumaa siwezi, kusimama kwenye sufuria kubwa siwezi, daktari wa mji wa Bathinda amesema libadilishwe, na tarehe aliyonipa inaangukia kabla tu ya sikukuu ya kuzaliwa kwa Guru, siku ambayo vijiji vyote vya jirani vinakuja kula kwetu. Nimeshaahirisha mara mbili. Mwenyekiti wa kamati, Sardar Jagraj Singh, akaniita akaniambia, "Dada, lea viongozi. Tafuta mtu wa kushika jiko kabla hujaenda hospitali. Ukikosa, sikukuu hii tutaleta wapishi wa harusi kutoka mjini, na wakishaingia hao, sioni watatokaje." Shangazi, wapishi wa harusi! Watu wa kulipwa waje wakoroge sufuria za mama mkwe wangu, na sisi wenyewe tukae pembeni tukitazama kama wageni! Niliumia sana, na bado naumia.

Nikasema haya, nitafute kiongozi, kazi ndogo, maana watu wa kujitolea ninao tele. Kumbe kuwa na watu ni jambo moja na kuwa na kiongozi ni jambo jingine kabisa. Sisi tangu utotoni tunafundishwa kwamba anayejitolea ajishushe, asiseme mimi, mimi, na kwamba kazi yenye baraka kubwa ni kufuta vumbi kwenye viatu vya waumini pale nje kwenye banda la viatu, basi kila ninayemtaja awe msimamizi ananikimbia anaenda kwenye viatu. Nilimwendea Ramneek, mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke mwenye akili na mikono myepesi, nikamwambia, "Binti, wewe ndiye utakayeshika jiko." Akashika masikio yote mawili kama mtu aliyenaswa ametukana. "Mama Mkubwa, mimi ni nani? Watasema Ramneek amejiona. Nipe viatu nipanguse."

Nikamgeukia Gurlal, fundi wa matrekta, yule anayesimamia moto wa chapati. "Gurlal, wewe je?"

"Mimi? Mama Mkubwa, mke wangu mwenyewe hanisikilizi, nitasikilizwa na masufuria?" Akacheka, akaenda kujificha kwenye vyombo vichafu.

Siku ile banda la viatu lilikuwa na watu wengi kuliko jiko, wananyang'anyana kitambaa, huyu anasema mimi ndiye mdogo wa wote, yule anasema thubutu, mdogo wa wote ni mimi, na huku ndani vitunguu vinaungua hakuna wa kuvikoroga. Mwenyekiti akamleta mpwa wake anayesoma mjini aje atufundishe uongozi, kijana akaandika ubaoni vizuri sana, tukampigia makofi, halafu wote tukaondoka kwenda kuosha sahani.

Basi nikaamua nianze na jambo moja tu, chumvi. Unajua mwenyewe chakula cha langar hakionjwi kabla ya dua kusomwa, si kwa kijiko wala kwa ncha ya ulimi, hivyo anayetia chumvi anatia kwa jicho, na akikosea amekosea mbele ya kijiji kizima. Mimi hutia kwa kiganja changu. Siku ya kwanza ya mwezi, waumini wanapojaa, nikamwambia Ramneek leo chumvi ni yako, mimi sisemi neno, na kweli sikusema neno, Shangazi, Mungu ananiona, nilikaa tu kwenye kigoda changu mlangoni kwa ajili ya hili goti.

Akaniuliza, "Mama Mkubwa, kiasi gani?"

"Utaona mwenyewe."

"Nitaonaje na sionji?"

"Utaona tu, binti. Mbona mimi niliona?"

Akatia. Mimi nikakohoa, nilikohoa tu, unga ulikuwa unaruka. Akanitazama, akaongeza. Kisha akatoka kwenda kuchambua kotmiri, Gurlal akapita pale, nami nikamwuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hizo dengu zimetiwa chumvi ya kutosha?" Kuuliza si kosa. Gurlal akasema, "Ukishauliza wewe, basi hazijatiwa," akatupia konzi yake ya chumvi. Halafu Bachint, shoga yangu tangu tulipoolewa, akanitazama usoni, sijui aliona nini, naye akatia.

Watu walikula kimya. Kwetu chakula cha langar hakikosolewi, basi wazee walimeza wakasukumia na maji mpaka ndoo za maji zikaisha, watoto wakaachama vinywa, ndimi nje. Bachint ndiye aliyeshindwa kuvumilia, "Jamani, leo mmetupikia dengu au mmetushusha kwenye mgodi wa chumvi?" Watu wakaangua kicheko, na yeye mwenyewe alikuwa ametia! Ramneek hakucheka. Aliweka upawa chini taratibu, akaenda banda la viatu, na tangu siku hiyo yuko kule anafuta hata viatu visivyo na vumbi, nikimwita ananijibu, "Nimepata mahali pangu, Mama Mkubwa, niache." Gurlal naye sasa anageuza chapati amenipa mgongo.

Sasa, Shangazi, sielewi. Kama anayejitolea anatakiwa ajishushe, atawezaje kuwaamrisha wenzake, na kama hakuna wa kuamrisha, dengu zitaivaje? Mwenyekiti anasema niwalee viongozi, mtu halelewi kwa siku moja, na hawa mimi nimekaa nao miaka, walikuwa wanajifunza nini muda wote huo? Wakati mwingine nasema kosa ni la Ramneek, moyo wake mwepesi mno, wakati mwingine nasema ni la Gurlal, wakati mwingine nasema ni la kijiji kizima. Na nikwambie wewe tu, chumvi ilipozidi kuna nusu yangu ilifurahi kidogo, kisha nikaona aibu, kisha sikujua aibu hiyo ni ya nini. Nafikiria niahirishe tena upasuaji, goti nitalifunga kitambaa, nishike jiko sikukuu hii, mengine tutayaona mbele. Nifanye hivyo? Au niwaachie tu hao wapishi wa harusi nipumzike? Niambie, maana mimi mwenyewe sijui tena ninachotaka.

Mwenye goti bovu, Mansa

—

Mwenye goti, dada yangu,

Pole kwa goti, na poleni nyote mliokunywa ndoo za maji. Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikacheka. Mara ya pili sikucheka.

Unaapa hukusema neno. Nakuamini. Ulikohoa, ukauliza, ukakunja uso, na jiko zima likafanya kama ulivyotaka. Dada, wale watu wamekusoma miaka yote, wanajua pumzi yako kuliko wanavyoijua dua. Unauliza walikuwa wanajifunza nini muda wote huo? Walikuwa wanajifunza kukutazama wewe usoni. Hilo wanalijua vizuri sana, na ndilo lililotia konzi zote zile. Ramneek alitia yake, zilizobaki zote ni zako, hata kama hukunyanyua mkono.

Sasa usiusingizie unyenyekevu. Kufuta viatu ni kazi njema, hata mimi nimeifanya, nikatoka na vumbi puani na moyo mweupe. Lakini vitunguu vikiwa vinaungua, anayekimbilia viatu anakimbia lawama tu, na hilo umwambie Ramneek kwamba nimesema mimi. Kutia chumvi bila kuonja, mbele ya kijiji kizima, ukajua ukikosea utachekwa na kesho yake utarudi tena, huko nako ni kujishusha, tena kwingine kabisa. Na wewe siku yako ya kwanza, mama mkwe wako alikuwa wapi? Hukuniandikia. Nakisia hakuwa kwenye kigoda mlangoni.

Ile nusu yako iliyofurahi nisikufiche, ndiyo inayokuandikia kuhusu kuahirisha goti. Inaogopa kijiji kitakula kishibe bila wewe. Sikudharau kwa hilo, hata kidogo, mtu akishategemewa miaka mingi hapendi kuona pengo lake linazibika. Lakini ukiisikiliza hiyo, wapishi wa harusi wataingia, kama si mwaka huu ni mwaka ule goti la pili litakapokufa, na hapo hutakuwa na wa kumlaumu.

Goti liende Bathinda tarehe ileile. Hilo silijadili.

Kabla ya hapo beba kigoda chako, nenda banda la viatu, kaa karibu na Ramneek, chukua kitambaa ufute naye, kisha umwombe radhi. Usimung'unye maneno, sema waziwazi, "Binti, nilikuharibia." Neno kiongozi liache huko huko ubaoni kwa mpwa wa mwenyekiti, limeshawatisha wote. Mwambie hivi tu: "Nikiwa kitandani hospitali nitaulizwa nani anatia chumvi, nataka niseme ni Ramneek." Akikubali, mpeleke jikoni, chota chumvi kwa kiganja chako kama siku zote, uimwage kwenye bakuli mbele yake, aone kwa macho yake kiasi cha sufuria moja. Achague bakuli lake mwenyewe la kupimia. Ule "utaona tu" wako haukumfundisha kitu, ulimtega.

Sardar Jagraj naye asikae akingoja miujiza. Asimame mbele ya waumini, aseme jikoni sasa tunamsikiliza Ramneek, tumemwomba sisi. Akishaombwa na wote, nani atasema amejiona? Chapati mwachie Gurlal, moto na watu wake, na anayetaka kugusa sufuria ya dengu amwulize Ramneek kwanza. Wewe uwe wa kwanza kuuliza, tena kwa sauti, wengine wasikie. Bachint usimwache jikoni siku Ramneek anapotia chumvi, mchukue mkafute naye viatu, huyo ni hatari kuliko wewe.

Siku ya kwanza ya mwezi ujao, kabla ya hospitali, kaa huko huko bandani, jiko umelipa mgongo, mbali kiasi ambacho kikohozi hakifiki. Utatamani kugeuka. Futa kiatu kingine. Dua ikishasomwa, ingia ndani, na kama goti linakataa kukunjwa, linyooshe mkekani, hakuna atakayekucheka, ukae kwenye mstari kama mgeni yeyote. Inawezekana kabisa dengu zikawa chapwa, mtoto wa watu anajifunza. Kula. Usikunje uso, usimtafute Bachint kwa macho. Na Ramneek akipita mbele yako na ndoo ya dengu, inua sahani, mtazame, umwambie akuongeze.