Fundo la Kibuyu

Kibondo, 2 Juni 1974

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, kikohozi kimekwisha. Magoti yako je, na baridi hii?

Mama, masista wamenipa ukumbi wa misheni nionyeshe picha zangu, zangu peke yangu. Nimechora juu ya magunia ya unga, kwa rangi iliyobaki ya milango. Ni vitu vya nyumba yetu ya kule Burundi: kinu, mafiga, ungo wako uliotoboka, na kibuyu cha baba cha kunywea, kile chenye alama ya moto mdomoni. Watu watacheka, eti msichana mzima anachora ungo! Wacha wacheke. Njoo uone.

Binti yako,
Esteri

Makere, 9 Juni 1974

Mwanangu Esteri,

Marahaba, na amahoro, amani ya kwetu. Magoti ni yale yale, yananung'unika kuliko mimi.

Nimefurahi, halafu nimeogopa, na woga umeshinda. Ungo uonyeshe upendavyo, hata na tundu lake. Lakini kibuyu kiondoe. Kila mwanamume wa kilima chetu alikinywea. Malori ya Manyovu, kule mpakani, siku hizi yanafika hata huko, na wapo wapelelezi wa serikali ya kule wanaovuka kuulizia nani amekimbilia wapi. Tulipokimbia mauaji baba yako alituambia tangulieni, nafuata. Huu mwaka wa pili. Kama yu hai amejificha, atakayekitambua kibuyu si atatushika sisi ili ampate yeye? Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Kiondoe, nakuomba.

Mama yako

Kibondo, 23 Juni 1974

Mama,

Shikamoo. Natumaini mzima, mimi mwili tu ndio mzima.

Barua yako imechelewa. Khatibu wa dukani Kasulu, anayetupokelea barua, alikaa nayo mpaka apate lori, na maonyesho yalikwisha kufunguliwa.

Kuna mtu amekuja. Ana koti la kijivu na kofia ambayo hakuivua hata ndani ya ukumbi. Anasema Kirundi cha kwetu kabisa. Alipita mafiga, akapita kinu, akasimama mbele ya kibuyu mpaka watu wakawa wanamzunguka ili wapite. Kisha akaniambia, "Umekosea, dada. Hiki kina ufa. Kimeshonwa."

Mama, nilikichora kizima kwa sababu tulikiacha kizima. Nikamwuliza amekiona wapi. Badala ya kujibu akauliza, "Mama yako anaishi wapi?" Nikasema mama yangu alikufa. Mungu anisamehe. Amesema atarudi. Kila mlango ukigongwa nazima taa kwanza. Nifanye nini?

Binti yako,
Esteri

Makere, 1 Julai 1974

Mwanangu,

Amahoro. Umefanya vizuri kuniua, nimekusamehe. Barua yako nimeisoma mchana huku nimefunga mlango kwa komeo.

Sikiliza. Watu wakishona kibuyu hufunga fundo nje, ndiko rahisi. Baba yako peke yake alilificha ndani, chini kabisa. Walimcheka, naye akawaambia mdomo wa mgeni usikwaruzwe. Mtu huyo akirudi, mwulize fundo liko wapi. Akisema nje, ondoka Kibondo siku hiyo hiyo, wala usije kwangu. Akisema ndani, mwambie ninapokaa. Najua hata mwizi anaweza kuchungulia ndani. Lakini nimechoka kutojua, Esteri. Nimechoka.

Mama yako

Kibondo, 14 Julai 1974

Mama,

Shikamoo. Amesema ndani. Hakufikiri hata kidogo.

Nimemwambia Makere. Nikamwuliza baba yuko wapi, akasema, "Jambo hili ni la mama kwanza," akaenda kupanda lori. Barua hii nampa dereva wa lori hilo hilo, labda itakuwahi. Kama nimekosea, pitia shambani, ukimbilie kwa jirani yako Immakulata. Naogopa, mama. Niandikie, hata neno moja.

Binti yako,
Esteri

Makere, 2 Agosti 1974

Mwanangu Esteri,

Amahoro. Najua umengoja. Mkono ulikataa kuandika.

Alinikuta shambani. Barua yako ilikuwa bado. Nilipoliona lile koti nilitaka kukimbia, magoti yakagoma. Nikasimama nimeshika jembe. Hakusogea karibu. Alikaa chini, akafungua koti, akatoa kibuyu, akakisukuma kwangu. Nikatia kidole. Fundo lilikuwa ndani, chini kabisa, uzi wa mgomba, limekazwa kama alivyokaza baba yako. Nikacheka kwa sauti mpaka Immakulata akatoka kwake kuangalia. Nikamwuliza, "Na mwenyewe umemwacha wapi?"

Akavua kofia.

Anaitwa Reverien. Walijificha pamoja msituni. Homa ilimchukua baba yako masika haya. Kibuyu alikishona akiwa mgonjwa, akasema kipelekwe kwa mama Esteri. Reverien amekuwa akitutafuta, naye akiogopa kila aliyemwuliza, kama wewe ulivyomwogopa.

Sasa nalala bila komeo. Nilikuwa namwogopea baba yako, na sasa hakuna wa kumwogopea. Nalia mchana kweupe, mlango wazi, watu wasishangae.

Picha usiiondoe ukutani. Chora ufa, chora na mshono. Fundo usilichore, liko ndani.

Mama yako