Friji Inayozimika Peke Yake

Jumanne, 11 Novemba

Simu ya mratibu wa chanjo inalia tena. Mara ya kumi leo, na chai bado. Friji za chanjo za zahanati zote zina kifaa kinachotuma taarifa kwenye seva yetu hapa Ngara: umeme umekatika, mlango umefunguliwa, joto limepanda. Mimi ndiye wa kuandika kanuni za kuunganisha taarifa hizo, ili simu ilie pale tu chanjo inapotaka kuharibika. Inalia kila mtu akifungua mlango. Nimechoka na milango.

Alhamisi, 13 Novemba

Kanuni mpya. Friji zikizimika pamoja, ni umeme wa wote. Kaa kimya. Ikizimika moja na za jirani zinawaka, kuna mtu amechomoa. Piga kelele. Nimejisifu mwenyewe, maana hapa hakuna wa kunisifu.

Ijumaa, 14 Novemba

Imepiga kelele. Nikaipitisha kwenye taarifa za mwezi mzima. Kila mara ni friji ya Sista Adela, muuguzi wa kule mlimani. Mratibu kafurahi kama kashika mwizi. Anasema Adela anachomoa friji ili achaji simu za wanakijiji. Anataka ripoti yangu, Adela ahamishwe.

Nimempigia Adela. Kasema anachomoa radi ikianza, kama watu wote. Mratibu kacheka: mbona wenzake hawachomoi?

Swali zuri. Ndilo linaloniudhi.

Jumatatu, 17 Novemba

Nimeongeza muda wa kulinganisha, dakika kumi, kisha saa nzima. Adela tu. Nimeandika upya kanuni mpaka macho yanauma. Adela tu. Barua ya uhamisho iko tayari, inasubiri ripoti yangu. Adela anamuuguza mama yake aliyepooza, nyumba iko hatua chache kutoka zahanati. Akihamishwa, yule mama atabaki na nani? Sitaki iwe yeye. Kanuni haijali ninachotaka.

Jumatano, 19 Novemba

Mawingu mazito tangu mchana. Ngurumo ya kwanza, friji ya Adela ikazimika kwenye skrini. Ya pili, mratibu akatoka ofisini kwake akituamuru tuchomoe kila kitu, kama kawaida. Kompyuta, printa, birika la chai. Seva akaichomoa mwenyewe. Tukazima simu, tukakaa mbali na madirisha.

Nikawa naitazama ile waya sakafuni.

Mvua huanzia mlimani kwa Adela. Taarifa yake inatufikia. Ikishuka kwa wengine, nao wanachomoa, lakini hapo seva tumeshaizima. Vifaa vinatuma mara moja, havirudii. Tukiwasha, friji zao zimesharudi, na sisi tunadhani hazikuzimika kamwe. Miaka yote nachomoa hapa bila kufikiri.

Mvua ilipokatika niliwapigia wauguzi watatu. Wote wanachomoa. Wameshangaa hata kuulizwa. Nilitaka kucheka, nilitaka kurusha kiti.

Ijumaa, 21 Novemba

Mratibu amebisha asubuhi nzima. Nikamwonyesha saa ambazo seva yetu ilikuwa imezimwa, mvua baada ya mvua. Amechana barua. Hakusema samahani. Ameuliza seva itawekewa betri lini, kana kwamba ni mimi niliyechelewesha.

Jumamosi, 22 Novemba

Nimepanda kwa Adela. Sikutaka kumwambia kwa simu. Nilimkuta nyumbani, ndani, na mama yake. Nikamwamkia mama shikamoo, akaitikia kwa macho.

Nikaeleza yote, mvua, seva, barua. Adela alisikiliza huku akikunja shuka. Nilipomaliza akauliza, "Na wewe uliamini?"

Nikasema kanuni ndiyo ilisema hivyo.

"Kanuni aliiandika nani?"

Alikuwa anajua. Akaniambia nishike miguu ya mama, tumgeuze upande wa pili. Nikashika.