Kuvuka Kwenda Kucheza Wavu

Keza, Ngara

Shangazi Odeta, shikamoo.

Unisamehe kukaa kimya tangu nijifungue. Niyibizi ananyonya hadi nasinzia nimekaa. Maharage yamestawi.

Nimechaguliwa timu ya wavu inayokwenda mashindano ya kimataifa ya wanawake Bujumbura. Watoto hawaruhusiwi. Naogopa, shangazi. Dada Uwimana alivuka kwenda msibani, wakati wa kurudi askari wa mpakani wakamzuia wakidhani ni Mrundi: "Si ndiyo unatoka kwenu? Huku unafuata nini?" Naye kazaliwa hapahapa Keza! Nikizuiwa na mimi, nani atamnyonyesha mwanangu?

Lakini nitacheza, usinikataze. Nitumie cheti cha ubatizo cha baba nikaonyeshe mpakani kwamba sisi ni Watanzania, barua ya mtendaji wa kijiji chenu, na wewe mwenyewe uje ukae na mtoto.

Mwanao,
Joan