Mimbari Tuliyoijenga Wenyewe

Mjukuu wangu Mwende,

Huku Mbumbuni tu wazima. Mbaazi zimekomaa, na babu yako bado anabishana na redio.

Unauliza kama unyamaze, kwa kuwa wenzako wa ushirika chuoni wanasema mwanamke hahubiri. Kanisa letu tulilijenga sisi akina mama wa mwethya, kikundi chetu cha kusaidiana kazi, tukibeba mchanga na maji kutoka mtoni. Siku yangu ya kwanza mimbarini, mzee wa kanisa alinizuia.

“Mama, shuka. Hapo ni pa wanaume.”

“Nitashuka, mzee. Nawe toka nje, maana hata sakafu uliyokanyaga ni yetu.”

Akina mama wakacheka, wakasimama wote, wakaanza wimbo. Mzee akaketi. Nikahubiri.

Siku hizi mzee huyo huketi mbele, na “Amina” yake ndiyo kubwa kuliko zote. Hubiri, Mwende.

Susu wako