Nilimwambia Anaigiza Vizuri

Shoga, uko wapi?

Si leo lilikuwa lile zoezi letu la mikoa mitatu, la kujipanga mafuta yakimwagika mtoni? Mimi ndiye wa kupokea simu.

Akapiga nahodha wa meli ya mafuta, anahema: "Tangi limepasuka!" Nikacheka. Nikamwambia, "Hongera kaka, unaigiza vizuri."

Yaani nilimwambia anaigiza vizuri!!

Akasema, "Dada, siigizi. Mafuta yanaelekea kwenye mtambo wenu wa maji."

Nilipiga kelele ukumbi mzima ukageuka. Bahati boti za mikoa yote zilikuwa tayari mtoni kwa zoezi. Zikayazingira mafuta kwa mnyororo wa maboya kabla hayajafika.

Sasa bosi ananisifu eti nilikuwa mwepesi. Hajasikia bado. Simu zote zinarekodiwa, na kesho tunazisikiliza pamoja, mikoa yote mitatu.